Shahada ya Usimamizi wa Wanyamapori: Uzoefu Wangu Darasani na Porini

Wadogo zangu wanaojaza maombi ya vyuo wananiuliza sana kama shahada ya usimamizi wa wanyamapori inafaa. Nawajibu ndiyo, mradi chuo kiwe kinapeleka wanafunzi porini kufanya kazi, siyo kupiga picha na tembo. Nimeisoma hapa Tanzania, na sehemu iliyonijenga kuliko zote ni mafunzo ya vitendo upande wa Tarangire na ushoroba wa Kwakuchinja, yaani njia wanayopita wanyama kati ya maeneo yao.

Darasani tulisoma ikolojia, ramani za kompyuta, takwimu, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Takwimu ziliwachosha wengi. Mimi nilizielewa siku tulipoanza kuhesabu wanyama. Mnatembea kwenye mstari ulionyooka mkiwa na askari wa wanyamapori, na kila mnapoona kundi la pundamilia au swala mnapima umbali wake, na kwa dira mnapima pembe ya uelekeo wake kutoka kwenye mstari. Mnyama aliye mbali ni rahisi kumkosa, kwa hiyo vipimo hivyo ndivyo vinavyowezesha kukadiria hata wale ambao hamkuwaona. Fomula iliyokuwa ubaoni ikawa kazi ya miguu na macho.

Kitu kingine ambacho ramani haikuwa imenifundisha vya kutosha ni kwamba Tarangire haiishii kwenye mpaka wa hifadhi. Kiangazi wanyama hukusanyika kwa sababu mto una maji. Mvua zikinyesha, nyumbu na pundamilia wengi hutoka, wengine hadi mbuga za Simanjiro ambako nyasi zina madini wanayohitaji wakati wa kuzaa. Kwakuchinja ndiyo njia ya kuelekea upande wa Manyara, na humo humo kuna mashamba, maboma na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati. Ukisimama pale unaelewa kwa nini ushoroba ukizibwa, hifadhi nzima inaumia hata kama ndani yake hakuna aliyekata mti.

Vijijini ndiko nilikojifunza zaidi. Tulikaa na wakulima ambao tembo walikuwa wamepita kwenye mahindi yao usiku. Mzee mmoja alituuliza kifuta jasho, yaani fedha ambazo serikali humpa aliyeharibiwa mazao na wanyama, kitamsaidia nini ikiwa kinakuja wakati watoto wameshalala njaa. Hakuna mhadhara ulionipa swali zito kama hilo. Tulishirikiana nao kutengeneza uzio wa pilipili: pilipili iliyosagwa inachanganywa na oili chafu, inapakwa kwenye vitambaa na kamba kuzunguka shamba. Unasaidia, lakini mvua ikinyesha lazima upakwe upya, na hiyo ni kazi juu ya kazi kwa mkulima. Mtu anayetaka kuwa mhifadhi bila kuwasikiliza watu hawa, kwa maoni yangu, bado hajaanza kusoma.

Kasoro zilikuwepo. Vifaa havikutosha, kundi zima lilitegemea GPS moja, na mara nyingi aliyeishika ni yule aliyekwisha kuizoea. Fedha za mafunzo zilichelewa pia, safari ikasogezwa hadi karibu na mitihani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada uliza: muda wa porini ni mrefu kiasi gani, nani analipia mafuta na chakula, na ripoti ya mafunzo ina alama ngapi. Mweka, chuo kilichoanza mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinajulikana tangu zamani kwa safari za porini, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, nako fani hii inafundishwa. Linganisha majibu yao na ya vyuo vingine.

Ukishapata nafasi, nunua buti mapema ili ziizoee miguu yako kabla ya safari, na nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, kwa kuwa mbung'o wa Tarangire huzifuata sana rangi hizo.