Redio ya mezani ya masafa mafupi, ya mtumba: ipi ununue ukiwa Uganda

Sifa nyingi za redio hizi zimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Kwetu, uwe Arua, Gulu au Bweyale, cha kwanza kuuliza ni redio inakula umeme gani. Cha pili: je, fundi wa mtaani ataifungua na kuirudisha ikiwa bado inasema? Uwezo wa kunasa stesheni dhaifu nauweka wa tatu, maana zote tatu zilizopangwa hapa zinanasa vizuri.

1. Icom R75. Ilitoka 1999, ina uzito wa kilo 3 hivi, jambo la maana ukilipia mzigo kutoka ng'ambo. Inatumia volti 13.8 za DC, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 inaiendesha moja kwa moja, na inakula kama ampea 1 tu. Adapta ya Kimarekani ya volti 120 usiichomeke kwenye ukuta wetu wa 240. Ina vitufe viwili vya kuzungusha, vya kubana stesheni jirani inayoingilia, na hivyo vinafanya kazi kweli. Kitufe cha SYNC, kinachopaswa kutuliza sauti inayozama na kuibuka, ni pambo. Muuzaji asikuongezee bei kwa ajili yake. Ukisikia mkoromo, chunguza kwanza kidhibiti cha sola na balbu za LED. Mara nyingi redio haina kosa.

2. Yaesu FRG-7. Mzee wa miaka ya 1970, kilo 7, hana namba za kung'aa. Unachagua megahezi, unazungusha hadi taa ya LOCK izime, kisha unatafuta stesheni kwenye sahani ya namba. Mfumo huo aliubuni Trevor Wadley wa Afrika Kusini. Unakisia masafa, ukikosea kwa kilohezi 5 hivi, na hiyo inatosha. Anakubali betri 8 kubwa za tochi, na sehemu zake fundi mzoefu anazipima moja moja. Mwenye pesa kidogo aanzie hapa.

3. Drake R8. Ya 1991. Kwa masikio yangu ndiyo yenye sauti tamu kuliko zote, ina filta tano za kuchuja stesheni jirani, na SYNC yake inafanya kazi. Naishusha kwa sababu vipuri vyake ni vigumu kupata, basi.

Grundig Satellit 800 ni nzuri sebuleni, ila ni kubwa mno kusafirisha. Icom R71 iache: programu yake inatunzwa na betri ndogo ya ndani, na betri hiyo ikifa, redio inasahau kazi yake yote.

Kabla ya kulipa, nenda na waya wa mita kadhaa uwe eriali, jioni, ujaribu bendi ya mita 31 (kilohezi 9400 hadi 9900) mbali na chaja za simu. Zungusha kila kitufe kinachozunguka. Mkwaruzo unaosikika ukizungusha ni uchafu, unasafishika. Tarakimu za kioo zinazokatika ndizo za kuogopa. Angalia pia swichi ya volti kwa nyuma, kama ipo, iwe kwenye 240 yetu.

Na ukishaifikisha nyumbani, hasa ukiishi karibu na Ziwa Viktoria ambako radi haipumziki, chomoa eriali kila unapomaliza kusikiliza. Kuzima redio peke yake hakuilindi.