Msaada wa kisheria Ngamiani: kama una ndugu gereza la Maweni wahi mapema

Nawapa nyota 4 hawa wa ofisi ya msaada wa kisheria hapa Ngamiani, ya 5 nimeizuia kwa sababu ya foleni, benchi ni moja, joto la Tanga mnalijua, na Ijumaa wakienda kuswali ndo hawarudi tena.

Rufaa ya kaka yetu ilitupwa na Mahakama ya Rufani, sisi nyumbani tukajua ndo basi tena, akatokea kishoka mmoja wa kule mahakamani akatwambia marejeo, ile rivyu ya kuiomba mahakama ile ile iipitie tena hukumu yake, haina mwisho wa muda wa kuomba, tutafuteni hela kwanza. Hela yenyewe sio ndogo. Watu wa hivi wanaua familia za watu jamani!

Yule dada wa mapokezi hata hajauliza kesi ya nini, kauliza hukumu imesomwa lini. Akafungua kaunta buku akaandika, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 60 akaizungushia peni nyekundu. Hizo siku 60 za kupeleka maombi ya marejeo zinaanza tarehe ya hukumu, sio siku mliyopata nakala, na wengi wanaumia hapo hapo. Zikipita mnaanza kuomba kuongezewa muda, mtoe sababu ya maana, kila siku mliyochelewa mnaielezea, na bado muoneshe hoja yenyewe ya marejeo ipo.

Wakili wao alikaa na mama taratibu, "Mama, hii sio rufaa nyingine." Ukisema tu ushahidi haukutosha hausikilizwi, wanataka kitu kama kosa la wazi kwenye hukumu lililomnyima mtu haki, au hakupewa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu imepatikana kwa udanganyifu. Na ni mara moja tu, wakishaamua huombi tena. Mama alilia, ila alielewa, na mimi hapo ndo nilipowapenda, hawakutupa matumaini hewa.

Makaratasi yakaandaliwa, kaka akasaini huko huko ndani, yakapitia kwa mkuu wa gereza ndani ya muda. Hatujatoa hata mia, msaada huu kwa wasio na uwezo upo kwenye sheria ya 2017 kabisa.

Nendeni asubuhi na nakala ya hukumu. Kama bado hamjapewa msiisubiri, nendeni na namba ya kesi na tarehe iliposomwa.