Darasa la Kiingereza la jioni, Moshi mjini: uzoefu wangu

Kama upo Moshi na unataka Kiingereza cha kuanzia chini kabisa, darasa hili la jioni karibu na soko la Mbuyuni nalipendekeza kwa moyo wote. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi na unaruhusiwa kulipa kidogo kidogo.

Nililolipenda zaidi ni mada anazochagua mwalimu. Tulipofika kwenye nyakati za vitenzi, alituletea habari ya familia ya huku huku kwetu: kijana anatumia unga, yaani heroini, mama anafunga duka mapema kwa kuogopa kuibiwa na mwanawe, mdogo mtu karudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Sentensi zote tulizitoa humo. Kwa kuwa tumezoea kusema “ameuza jana”, wengi waliandika “He has sold the radio yesterday”. Mwalimu akafafanua: ukishataja jana, sema “He sold”. Ukitaka tu tujue kwamba redio imeshauzwa, bila kutaja lini, hapo “has sold” inakaa.

Tukahamia steal, stole, stolen. Mama mmoja wa benchi la mbele akaandika ya kwake na kuisoma kwa sauti: “My son has stolen my gas cylinder.” Sentensi haikuwa na kosa hata moja. Darasa lilinyamaza, mwalimu akampa pole, kisha akaandika ubaoni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Muda uliobaki alitueleza kwamba uraibu ni ugonjwa, na kwamba kwenye kliniki za serikali methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hutolewa bure. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, ikamtuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga.

Nina mdogo wangu aliyeingia kwenye unga. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa la kunong’onezana chumbani, wazazi wakilaumiana nani alimdekeza. Kulisikia likizungumzwa darasani bila mtu kuitwa teja kulinipa nguvu ya kuanza kulizungumza na mama.

Kasoro zipo. Fotokopi zimefifia, nyingine hazisomeki, na jioni watu ni wengi mno. Wanaoweza waulizie darasa la Jumamosi saa nane mchana, lina nafasi na mwalimu anapitia daftari la kila mtu.