Nani Alimpa Ruhusa ya Kumcheka? Riwaya ya Jane Austen Mbele ya Wasomaji Wanane wa Lubumbashi

Nakala niliyoisoma niliinunua kwa franki 10,000 kwa muuza vitabu vya mtumba katikati ya jiji la Lubumbashi, ikiwa na jalada lililobanduka na jina la mwenyewe wa kwanza lililofutwa kwa kalamu. Ni tafsiri ya Kifaransa, Orgueil et Préjugés, ya riwaya ya Kiingereza Pride and Prejudice, ambayo Jane Austen aliitoa London tarehe 28 Januari 1813 bila kuweka jina lake juu yake. Tangu hapo nakala hiyo imepita katika mikono ya watu wanane tunaokutana Jumapili mchana kwenye baraza moja huko Kamalondo, na imenirudia ikiwa na kurasa zilizoachia gundi pamoja na maoni yasiyopatana hata kidogo. Wanne tuliipenda, watatu waliichoka, na mmoja aliichukia. Mimi ni miongoni mwa wale wanne, lakini hoja za yule mmoja zimenishughulisha kuliko sifa zetu zote.

Kwa asiyeijua hadithi: Bwana Bennet ana mabinti watano na pato la pauni 2,000 kwa mwaka, ila shamba lake limefungwa kisheria lisirithiwe isipokuwa na mwanamume wa ukoo, naye ni binamu aitwaye Collins, mchungaji mwenye maneno mengi na akili chache. Akifa baba, mke na mabinti watatoka nyumbani. Ndiyo maana mama yao hana usingizi mpaka wote waolewe. Kijana tajiri aitwaye Bingley anapanga nyumba ya jirani, akifuatana na rafiki yake Darcy, mwenye pauni 10,000 kwa mwaka na uso usiotabasamu. Katika dansi yao ya kwanza Darcy anasema, huku Elizabeth Bennet akimsikia, kwamba binti huyo anavumilika, ila si mzuri kiasi cha kumshawishi yeye. Elizabeth halii wala hasusi. Anaigeuza aibu ile kuwa kichekesho na kuwasimulia rafiki zake kwa furaha.

Hapo ndipo mzee wetu, mstaafu wa reli, alipoifunga riwaya kwa mara ya kwanza. Hakukasirishwa na Darcy, ambaye alimwona kama wakubwa wengi aliowafanyia kazi. Alikasirishwa na kicheko cha binti. Kwetu utani una wenyewe. Babu humtania mjukuu na mjukuu humjibu, shemeji humtania shemeji, na wapo watu wa makabila fulani wenye haki ya kutupiana maneno makali hata msibani, wala hakuna anayenuna, kwa sababu kila mmoja anajua nani ni mtani wa nani. “Mtani ni mtu aliyepewa ruhusa,” alituambia. “Yule binti nani amempa?” Akaongeza kwamba mtu asitukane wakunga na uzazi ungalipo, hasa binti wa nyumba isiyo na urithi anayemdhihaki mwanamume ambaye huenda kesho akaja kumposa. Na kweli Darcy anakuja kumposa, tena vibaya, kwa hotuba inayotaja unyonge wa ukoo wa binti kabla ya kutaja upendo, naye Elizabeth anamkatalia mbali.

Nilimjibu mzee, na bado nasimama hapo, kwamba swali lake limo ndani ya kitabu chenyewe, na kwamba Austen analifuata kwa uangalifu mkubwa kuliko anavyofuata swali la nani ataolewa na nani. Katika sura ya 11 dada yake Bingley anadai kwamba Darcy ni mtu asiyechekeka. Elizabeth anashangaa: hasara iliyoje kuwa na marafiki wengi wa namna hiyo, ilhali yeye anapenda sana kucheka! Kisha, katika sura ya 58, wakiwa tayari wamekubaliana kuoana, mzaha mtamu unamjia mdomoni naye anaumeza, kwa kuwa amekumbuka kwamba mchumba wake hajajifunza bado kuchekwa na ni mapema mno kuanza somo hilo. Kati ya sura hizo mbili kuna kitabu kizima cha mapenzi, lakini mimi nakisoma kama kitabu cha watu wawili wanaotafuta haki ya kutaniana.

Mabishano makali zaidi yalimhusu baba. Waliocheka walimpenda Bwana Bennet kuliko mhusika mwingine yeyote, na mimi nilikuwa mmoja wao. Collins anapomposa Elizabeth naye akakataa, mama anaapa kwamba hatamtazama tena binti huyu asipoolewa naye, na baba anamwita binti ndani na kumweleza kwa uso mkavu kwamba tangu leo lazima awe mgeni kwa mmoja wa wazazi wake: mama hatamwona tena asipomkubali Collins, naye baba hatamwona tena akimkubali. Baraza nzima iliangua kicheko. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto sita, hakucheka. Alituomba tuhesabu mara ngapi mwanamume huyu anamfanya mkewe kichekesho mbele ya watoto wao, na ni shilingi ngapi amewawekea watoto hao katika miaka yote zaidi ya ishirini ya ndoa. Hakuweka kitu. Alikuwa akingoja mtoto wa kiume. Lydia, binti yake mdogo mwenye miaka 16 tu, anapotoroka na Wickham, ofisa mwongo mwenye madeni, baba aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo hana la kufanya. Nilipoirudia sura ya 42 niliona mwandishi yuko upande wa mwalimu waziwazi: Elizabeth, kipenzi cha baba, anakiri moyoni kwamba kumdharaulisha mama mbele ya watoto wake ni kosa zito. Katika usomaji wa kwanza nilikuwa nimeipita sura hiyo haraka, nikitafuta mzaha mwingine.

Fundi wetu wa kushona alikuwa na mtu wake mwingine, Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, mwenye miaka 27, asiye mzuri wa sura wala tajiri. Collins, aliyekataliwa na Elizabeth, anamposa Charlotte, na hivyo anafikisha posa mbili ndani ya siku tatu. Charlotte anakubali. Elizabeth anashtuka kana kwamba rafiki yake amekufa, na wasomaji vijana wa baraza letu walishtuka naye. Fundi alitutazama kama watoto ambao hawajawahi kulipa kodi ya nyumba. “Elizabeth anacheka kwa sababu baba yake bado yu hai,” alisema, na sikupata jibu. Hesabu iko upande wake: Collins mwenyewe, katika posa yake, anamkumbusha Elizabeth kwamba fungu lake lote ni pauni 1,000 zenye faida ya asilimia nne, yaani pauni 40 kwa mwaka, tena baada ya kifo cha mama yake. Pato la Darcy ni mara 250 ya hilo. Austen aliyajua mambo haya kwa ngozi yake. Desemba 1802, akikaribia kutimiza miaka 27 kama Charlotte, alikubali jioni posa ya mrithi wa mali aitwaye Harris Bigg-Wither, akaikataa asubuhi yake. Na haki za riwaya hii aliziuza kwa pauni 110 ilhali alitaka 150.

Mwanafunzi wa sheria alijaribu kutufariji kwa kutukumbusha kwamba Kanuni ya Familia ya nchi yetu, tangu 1987, inawapa watoto wote, wa kike na wa kiume, mafungu sawa ya urithi, na kwamba robo tatu ya mali ni yao. Fundi akamuuliza kama amewahi kuhudhuria matanga ambapo wajomba na baba wadogo walifika na ufunguo mpya wa mlango. Mazungumzo yakahama kidogo.

Waliochoka nao wasipuuzwe. Walilalamika kwamba hakuna linalotokea isipokuwa matembezi, barua na chai, na kwamba wanajeshi wanaopiga kambi mjini wanaonekana wakicheza dansi tu, jambo ambalo kwa msomaji wa Kongo ni kichekesho kuliko vyote vilivyokusudiwa. Wana wenzao wakubwa: mwandishi wa riwaya Charlotte Brontë, katika barua ya 1848, alikifananisha kitabu hiki na bustani iliyozungushiwa ua na kupaliliwa vizuri, isiyo na hewa ya nje. Mwandishi mwingine, Walter Scott, kinyume chake, aliandika katika shajara yake mwaka 1826 kwamba amekisoma kwa mara ya tatu au zaidi. Mimi nawaunga mkono waliochoka katika jambo moja: sehemu ya kumsaka Wickham London inatufikia kwa barua na masimulizi, na tendo kubwa kuliko yote la Darcy, kulipa madeni ya adui yake, hatulioni kwa macho.

Kosa jingine ni la nakala zetu zaidi kuliko la mwandishi. Mzaha wa Austen umejificha katika sentensi inayosema jambo zito kwa nia ya kinyume, na msomaji akiharakisha anaukosa. Mmoja wetu aliichukua sentensi ya kwanza, isemayo kwamba kila mtu anajua mwanamume tajiri asiye na mke lazima anahitaji mke, kama mafundisho ya kanisa, akasoma sura kumi akishangaa tunacheka nini. Atakayeinunua na aisome kwa sauti, akiwa na mwenzake, na achague nakala yenye herufi kubwa kuliko yangu.

Mzee wa reli aliifungua tena riwaya kwa kusukumwa na fundi, akaimaliza kabla yetu. Jumapili iliyopita alifika akiwa ameweka kidole katika sura ya mwisho, pale ambapo Georgiana, dada mdogo wa Darcy, aliyezidiwa naye kwa zaidi ya miaka kumi, anaogopa kusikia Elizabeth akimtania kaka yake, kisha anajifunza kwamba mke anaweza kujiruhusu kwa mumewe yale ambayo si kila mara kaka humruhusu mdogo wake. “Basi ruhusa ameipata,” alisema. Fundi akamjibu, “Baba, alikuwa ameanza kucheka zamani.” Mzee akafikiri kidogo, akaomba akae na kitabu wiki moja zaidi.