MikroTik hEX (RB750Gr3): Loop Protect tu imesharudisha hela yangu

Jamani hii naiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu mnaoangalia mtandao wa shule, gesti, ofisi ndogo, zile sehemu kila chumba kina kaswichi ka bei rahisi chini ya meza na kila mtu anachomeka waya anavyojisikia.

Nianze na kilichonifanya niinunue hEX, ruta ndogo ya MikroTik. Kuna shule nawahudumia, siku hiyo napigiwa simu asubuhi mtandao umekufa wote, mhasibu anasema tumeingiliwa. Nafika nakuta taa za swichi zote zinawaka-zima kwa pamoja kama zimeambiana, nikajua hapa kuna lupu (waya umerudi kwenye mtandao uleule, data inazunguka bila mwisho) ila iko wapi sasa? Nikachomeka laptop nikafungua programu ya kunasa paketi, naona fremu (kifurushi cha data) ileile inapita maelfu kwa maelfu, inakwenda anwani 01:00:5E:00:00:FB na imetoka kwenye MAC (anwani ya kifaa) ya printa. Nikasema mwizi nimempata. Nikachomoa printa. Fremu zinaendelea tu!! Printa nimeishika mkononi na fremu yake bado inazunguka kwenye waya.

Hapo ndio nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakisoma tu bila kukiona. Fremu ya Ethernet (mtandao wa waya) haina TTL (hesabu inayoiua ikizunguka sana) kama paketi ya IP, ikiingia kwenye lupu hakuna kinachoiua mpaka waya uchomolewe. Na ile anwani haikuwa ya kifaa chochote, ni maltikasti, yaani ya kundi la vifaa. Angalia tarakimu ya pili ya MAC, ikiwa 1, 3, 5, 7, 9, B, D au F ujue inalenga kundi: 01:00:5E ni maltikasti ya IPv4, 33:33 ni ya IPv6, na FF sita ni brodikasti, yaani kwa wote. Swichi inajifunza anwani kutoka kwa mtumaji, na mtumaji hatumii anwani ya kundi kamwe, kwahiyo swichi ya kawaida haijui fremu hiyo iipeleke wapi, inaimwaga poti zote. Printa ilikuwa inajitangaza tu kwa mDNS (njia ya vifaa kutafutana kwenye mtandao wa ndani, anwani 224.0.0.251) kama kila siku, haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa waya mmoja maabara, ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Nimeupata saa nane mchana baada ya kuchomoa moja moja.

Sasa hEX. Poti 5 za giga, RAM 256MB, ka boksi kadogo kanakaa popote, na ndani ni RouterOS (mfumo wa MikroTik) kamili. Kasi na hotspoti sitazisemea sana, ziko vizuri na wengi mnazijua. Briji yake (inayounganisha poti ziwe mtandao mmoja) inakuja na RSTP (itifaki ya kuzuia lupu) imeshawashwa, lakini msiridhike na hiyo peke yake, maana RSTP inaongea kwa kutuma BPDU (ujumbe wake) kwenda 01:80:C2:00:00:00, na hiyo ni anwani iliyotengwa, kuna swichi zinaimeza na nyingine zinaipitisha. Ikimezwa hEX haijui kama huko nyuma kuna lupu, utaona tu kwenye logi "received packet with own address as source address, probably loop" huku mtandao unazama.

Loop Protect inafanya tofauti: kila sekunde 5 inatoa kapaketi kake (aina yake ni 0x9003) kwenye poti, na kapaketi hako kakirudi inajua kametoka kwake yenyewe, inafunga poti hiyo dakika 5 kisha inajaribu tena. Nimeijaribu mezani kabla ya kuipeleka, nikachukua kaswichi ka bei rahisi nikaunganisha ether4 (poti namba 4), nikachomeka waya kama ule wa maabara, nikahesabu moja, mbili, tatu... ether4 ikazima, ether2 na ether3 ping inaenda bila kupotea hata moja. Nilifurahi jamani acha tu.

Angalizo kubwa, kiwandani inakuja imezimwa, ingia Winbox (programu ya kuisetia) kwenye kila poti inayoenda vyumbani uiweke on mwenyewe. Halafu poti 5 ni chache, shule kubwa itabidi uigawe vizuri, mimi nimeweka maabara poti yake, walimu yao, uhasibu yao, ili ikifungwa moja wengine waendelee.

Juzi tena wamehamisha meza maabara. Simu niliyopigiwa ni moja tu, ya mwalimu wa kompyuta, nikaingia kwa simu nikiwa kwenye daladala nikaona ether4 status disable, nikamwambia mwalimu angalia swichi ya chini ya dirisha, waya mweupe mfupi chomoa. Mhasibu hakujua hata kama kuna kitu kimetokea.