Uzoefu wangu na paneli za vinili za ukuta wa nje

Nilichagua paneli za vinili, yaani za plastiki, zenye unene wa milimita 1.1, na leo ningezichagua tena. Zile za milimita 1 ni nafuu, na kwenye ukuta ulionyooka zinatosha. Ukuta ukiwa na mabonde, paneli nyembamba huyafuata yote, na jua la jioni likipiga kwa ubavu utayahesabu moja moja.

Rangi niliyochukua ni ya mwanga. Iliyokoza hunyonya joto, nayo vinili huanza kulegea kwenye nyuzi 70 na ushei za Selsiasi. Chunguza pia madirisha yanayotazamana na ukuta wako: vioo vya kisasa vya kuzuia joto huweza kukusanya miale ya jua na kuirudisha sehemu moja, paneli ikajikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Nunua mzigo wote mara moja, wenye namba moja ya toleo kwenye maboksi, ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea katika kukata.

Lakini kinachoharibu kazi mara nyingi ni fundi anayekaza misumari. Paneli hizi huning'inizwa. Ile ya mita 3.8 hurefuka na kufupika kwa zaidi ya milimita 12 kati ya baridi na joto. Msumari upigwe katikati ya tundu refu lililo kwenye ukingo wa juu wa paneli, kila sentimita 40, na kichwa chake kibaki nje ya paneli kwa milimita 1 hivi. Kila nilipomaliza safu niliisukuma kwa mkono kushoto na kulia. Isiposogea, adhuhuri itavimba, na dawa yake ni kung'oa misumari tu. Usiivute paneli juu kwa nguvu unapoifunga na ya chini yake. Iache ikae kwa uzito wake.

Ndani ya chaneli za kona na madirisha, yaani vipande vyenye mfereji unaopokea ncha za paneli, acha nafasi ya milimita 6 kila upande, au 10 ukifunga wakati wa baridi kali. Paneli mbili zipandane kwa milimita 25, na maungio ya safu moja yasikae juu ya yale ya safu iliyotangulia.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha: vinili haizuii maji yote. Mvua ya upepo hupita nyuma yake. Karatasi ya kuzuia maji nyuma ya paneli ni lazima, ya juu ikilalia ya chini, na vile vitundu vya chini ya paneli ni vya kutolea maji. Usivizibe kwa silikoni.

Kasoro yake kubwa ni kupasuka ikigongwa kwenye baridi. Hata hivyo, kwa kulabu maalumu unafungua paneli ya juu yake, unang'oa misumari na kuweka nyingine bila kubomoa ukuta mzima. Kwa hiyo hifadhi paneli tatu au nne za toleo lilelile, zikiwa zimelazwa chini, mbali na jua.