Kliniki ya fizio: goti limepimwa haswa, mazoezi wamelipua

Niseme ukweli, hawa watu wanajua kupima. Kule nilikoanza nilisema tu goti linauma nikaandikiwa eksirei hapohapo, hakuna hata aliyenyanyuka kwenye kiti, picha ikatoka safi nikaambiwa huna shida, kunywa dawa za maumivu. Sasa eksirei inaonyesha mifupa, ligamenti (zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa) na gegedu za ndani ya goti haionyeshi, yaani picha inaweza kuwa safi na goti bovu vilevile.

Hapa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, kaanza kunitazama tangu naingia mlangoni. Tembea mpaka ukutani urudi, simama mguu mmoja, chuchumaa unapoweza kufika. Kitandani akaanza na mguu usiouma! Nikamuuliza dada mbona unashika huo, akasema lazima nijue goti lako likiwa zima likoje ndo nijue hili limetoka wapi na wapi.

Halafu kuna hiki kitu kilinifurahisha. Akapandisha kiganja kwa kukandamiza upande wa ndani wa goti kuelekea pajani, kisha akateremsha mkono upande wa nje, akaniambia angalia, na kweli kale kabonde ka upande wa ndani kakajaa tena taratibu mbele ya macho yangu. Maji hayo, yamejaa ndani ya goti. Mashine hamna, ni viganja tu.

Ligamenti ya mbele akaipima goti likiwa limekunjwa kidogo, nyuzi kama 20 hadi 30, mkono mmoja umebana paja mwingine unavuta ugoko kuja mbele, anachotafuta ni kama linagota au linateleza tu bila breki. Langu likagota, sawa na mwenzake, hiyo tukaitoa kwenye lawama. Akaja kukunja goti mpaka mwisho, akawa anazungusha unyayo huku analinyoosha, pakalia ko! na maumivu palepale pembeni kwenye maungio, nilimshika mkono bila kupenda. Hapo akaanza kushuku meniskasi, lile gegedu linalokaa katikati ya mifupa ya goti, ila hakunihukumu kwa mlio mmoja, alisema kipimo hicho peke yake hakitoshi, tuanze mazoezi, lisipotulia ndo tuongelee MRI, ile picha inayoonyesha mpaka ligamenti na gegedu. Mtu wa hivyo namwamini kuliko anayejua kila kitu dakika ya kwanza.

Akapima na nyonga pia maana nyonga mbovu inaweza kuuma gotini, akazungusha futi kamba kwenye mapaja yote mawili, la upande mbovu limeshakonda, nguvu akaandika 4 kati ya 5.

Sasa lawama. Hakuna anayekwambia uje na bukta, mtu umevaa jinzi ya kubana unaanza kuhangaika nayo nyuma ya pazia lisilofunga mpaka mwisho, na watu wanapita. Halafu baada ya kupimwa vizuri hivyo, mazoezi napewa karatasi ya vikatuni, nirudie mara ngapi hamna, likiuma niache au niendelee hamna, mpaka nikamfuata mwenyewe koridoni ndo akanielekeza kwa harakaharaka huku mgonjwa mwingine kashaitwa. Hapo wamechemsha, maana goti linapona kwa hayo mazoezi, sio kwa kupimwa.

Nawapa nyota 4, nitarudi kwa yule yule dada. Bukta nitavaa nikitoka nyumbani.